Kamusi ya Oxford kwa wanaoandika ripoti: nimeipima kwa neno moja, contextualize

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke nayo. Oxford Advanced Learner's Dictionary, ile nene, toleo la kumi lililotoka 2020, ni kamusi ya kununua kama unaandika Kiingereza cha ripoti, utafiti, maandiko ya kuomba ufadhili na vitu vya namna hiyo. Bei ikikushinda tumia ya mtandaoni, ipo bure kabisa na inatosha kwa mengi. Sasa wenye muda tuendelee, maana nataka nieleze kwa nini nasema hivyo na si kwa sababu jina la Oxford ni kubwa.

Mi nina steshenari hapa Tabora mjini, tunachapa, tunaprinti, tunabaindi, na msimu wa ripoti ukifika wanafunzi wa vyuo vya hapa na wengine wanaosoma mbali wakiwa wamerudi nyumbani wanajaa kuanzia asubuhi mpaka giza linaingia. Mtu analeta flashi, analeta na ile kopi iliyotoka kwa supavaiza ina maandishi ya kalamu nyekundu pembeni, anasema dada nisaidie kurekebisha hapa na hapa. Na kwenye zile kalamu nyekundu kuna neno linalojirudia kuliko yote, linakaa peke yake, halina maelezo, linaandikwa tu pembeni ya chapta ya kwanza: Contextualize. Wakati mwingine na alama ya mshangao. Mwanafunzi anaanza kutoka jasho.

"Dada, hapa anataka nini?"

"We umeelewaje, mdogo wangu?"

"Simu imesema kuweka katika muktadha."

"Sasa utaweka nini, kwenye muktadha gani?"

Hapo ndo kimya. Kwa hiyo ukitaka kujua kamusi gani inamsaidia mtu anayeandika, usiipime kwa maneno kama ng'ombe au meza, hayo kila kamusi inaweza. Ipime kwa neno ambalo hata ukilitafsiri vizuri bado kalamu haisogei. Contextualize ni neno la hivyo. Tafsiri ya simu haijadanganya, muktadha ni muktadha kweli, lakini mtu anatoka na jina la kitu huku alihitaji kujua afanye nini na sentensi yake.

Haya, fungua Oxford. Kwenye contextualize utakuta maelezo mafupi, wala usitegemee ukurasa mzima. Unaonyeshwa tahajia mbili, yenye z na yenye s, unaonyeshwa matamshi, halafu unaonyeshwa kitu ambacho wengi wanakipita bila kukiona: baada ya kitenzi pameandikwa something. Yaani contextualize something. Halafu ndo maana yenyewe inakuja, kwamba ni kukiangalia kitu kwa kukihusisha na mazingira ambamo kimetokea au ambamo kipo.

Hiyo something ndogo ndo iliyonifanya niipende hii kamusi. Inakwambia kitenzi hiki lazima kiwe na kitu mbele yake, huwezi kucontextualize hivi hivi tu hewani. Lazima useme unacontextualize nini: matokeo, takwimu, tukio, barua ya zamani, kauli ya mtu. Ripoti nyingi zinazopita mikononi mwangu zimeandikwa "I will contextualize about beekeeping" au "the researcher contextualized that farmers are poor", na zote mbili zimevunjika palepale kwenye kiungo, ya kwanza kwa sababu hakuna about hapo, ya pili kwa sababu hiki kitenzi hakibebi that kama say au explain wanavyobeba. Mtu amelichukua neno akalivalisha nguo ya explain. Na tofauti yao ipo, explain unaweza kueleza jambo lenyewe lilivyo ndani yake, contextualize unaonyesha vilivyolizunguka ndo jambo lieleweke. Ukieleza mzinga unavyotengenezwa, ume-explain. Ukieleza kwa nini mtu wa msitu huu anatumia mzinga wa aina hii na mwenzake wa kule anatumia wa mbao, hapo ndo umecontextualize.

Ngoja nitoe mfano wa karibu kabisa maana bila mfano hili neno halishikiki. Chukua ripoti inayohusu warina asali wa Sikonge, wilaya ya mkoa wetu huu wa Tabora. Sentensi inasema "Most beekeepers use traditional hives", pembeni kalamu nyekundu inasema contextualize. Sentensi haina kosa la sarufi hata kidogo, ndo maana mwenyewe anashangaa. Tatizo lake ni kwamba inaweza kuwa imeandikwa kuhusu mtu wa popote duniani. Msomaji aliyekaa Dar es Salaam, au Ulaya huko kama ni ripoti ya mradi, ataisoma atasema kumbe hawa watu wamebaki nyuma, basi. Hajaambiwa kwamba hapo ni nchi ya misitu ya miombo, kwamba mizinga yenyewe ni ya magome ya miti inayotoka msituni humo humo, kwamba mrinaji anaenda mbali ndani ya msitu na kupiga kambi huko, na kwamba kubeba mizinga ya mbao ya kisasa mpaka kule si jambo la kuamka tu ukafanya. Ukiyaweka hayo, ile ile traditional hives inabadilika maana. Haibaki dalili ya uzembe, inakuwa uamuzi wenye sababu zake, na unaweza pia kuuliza swali zuri zaidi, kwamba ukibandua gome mti unabaki na hali gani. Sasa Kiingereza chake ndo kinakuja kwa kufuata ile ramani ya kamusi: "The study contextualizes the use of bark hives by describing how beekeepers work and camp in the miombo woodland." Kitu kipo, the use of bark hives, na njia ipo, by na kitenzi chenye -ing. Au kwa kutendwa, ambayo kwenye ripoti ndo inatumika sana: "These findings should be contextualized within the forest economy of Sikonge." Within ni rafiki mkubwa wa hiki kitenzi, na in pia inakubalika.

Mfano mwingine ambao naupenda zaidi maana una historia. Mtu anaandika kuhusu tumbaku ya Urambo, wakulima, mabani yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, madeni ya pembejeo, miti inayokatwa kukaushia. Anaanza tu moja kwa moja kama vile Urambo iliumbwa na tumbaku. Wakati ardhi ile kabla ya hapo iliingizwa kwenye mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 kwa sehemu tatu, Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo, wakaleta matrekta wakafyeka mapori, lengo lilikuwa mafuta ya kula kwa ajili ya Uingereza iliyotoka vitani, ukafeli vibaya na mwaka 1951 ukaachwa. Tumbaku ikashika baadaye kwenye mashamba hayo. Ukiyajua hayo, hata suala la kilimo cha zao moja la kuuza nje linaonekana lina mizizi, halikuanza jana. Hapo hujabadilisha takwimu yako hata moja, umebadilisha tu msomaji anavyoipokea. Mi naamini hii ndo kazi nzima ya hili neno na ndo maana walimu wanalililia, japo jamani wangeongeza hata maneno matano pembeni hapo wanafunzi wasingeteseka hivi.

Kitu kingine ambacho kamusi hii imenisaidia kuwaonyesha watu ni kwamba contextualize na conceptualize ni vitu viwili. Vinachanganywa mno! Na si ajabu, vinafanana sura, vyote vinakaa kwenye ripoti, na chapta ya pili ina ile conceptual framework ambayo mi mwenyewe ndo nawachorea, viboksi na mishale. Conceptualize inahusu kuunda wazo au dhana kichwani, concept. Contextualize inahusu context, mazingira yanayolizunguka jambo. Ukiwa na kitabu mkononi unafungua moja, unafungua nyingine, hayako mbali, unamwonyesha mtu kwa kidole tofauti ilipo, na hilo kwenye simu ni gumu kidogo maana kila neno linakuja peke yake.

Na ukiwa hapo hapo kwenye kitabu usiondoke bila kusoma context yenyewe, iko juu kidogo tu ya contextualize, na hapo ndo kuna nyama. Utakuta in context na out of context, ile ya kumnukuu mtu nusu nusu mpaka maneno yake yanageuka. Utagundua kwamba mara nyingi huhitaji hata hilo neno refu. Kwenye mazungumzo ya kawaida Mwingereza atasema put it in context, au let me give you some context, inatosha. Contextualize ni neno la darasani, la makala na la ripoti, ukilitumia kwenye meseji ya kumwomba mtu hela ya nauli litakaa vibaya. Kwenye ripoti lenyewe nashauri litumike kwa kiasi, nimeona ukurasa mmoja umelibeba kila aya na hakuna hata sehemu moja iliyoonyesha mazingira yoyote. Kulitaja si kulifanya.

Hapo niongezee na lile jambo la Globally, halafu In Africa, halafu In Tanzania, halafu In Tabora. Karibu kila ripoti inaanza hivyo, ni kama ngazi ya kushuka kutoka duniani mpaka kijijini, na watu wanaamini wakishateremka ngazi nne wameshacontextualize. Mi naona hapana. Unakuta aya ya dunia inaongelea jambo la India, aya ya Afrika inaongelea Ghana, ya Tanzania imekopiwa kwenye ripoti nyingine, na hakuna hata moja inayomgusa huyo mkulima wa Kaliua aliyehojiwa. Rudi kwenye ile maana ya kamusi, kukihusisha kitu na mazingira kilimo. Kama aya ya India haisaidii kumwelewa mkulima wa Kaliua, ni urefu tu.

Upande wa matamshi, wale wanaoenda kufanya prizentesheni wasikilize vizuri. Sisi Kiswahili kimetuzoesha mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sasa neno hili mtu analivuta mpaka huko mwisho. Mkazo wake uko kwenye TEKS, silabi ya pili kutoka mwanzo, kon-TEKS-chu-a-laiz. Kwenye kitabu kuna zile alama za matamshi ambazo ukishazizoea ni tamu, ila kwa asiyezijua, tovuti yao ina sauti, unabonyeza unasikia kwa Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani, na haili bando kivile.

Na ile ishu ya z na s inayogombanisha watu: zote sahihi. Oxford wao wanatanguliza z, Waingereza wengi wanaandika s, Wamarekani z. Chuo chako kikiwa na mwongozo fuata mwongozo, kisipokuwa nao chagua moja ushikilie mpaka ukurasa wa mwisho, usiwe na contextualize kwenye chapta ya kwanza na contextualise kwenye chapta ya tano.

Kwa nini hii kamusi inajua kumsaidia mtu wa kwetu namna hii? Kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya Mwingereza. Aliyeianzisha, A. S. Hornby, alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani, akaiandaa na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, kwa kuwaangalia wanafunzi wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni, na mara ya kwanza ilichapwa Tokyo mwaka 1942, vita ikiwa imepamba moto. Oxford wakaja kuitoa 1948. Kitu Hornby alichokihangaikia ndo hicho hicho ninachokisifia hapa, kwamba mwanafunzi akijua maana ya kitenzi bila kujua kinafuatwa na nini hajakijua bado. Mwingereza haambiwi kwamba contextualize inataka kitu mbele yake, amekua nayo. Sisi lazima tuambiwe, na hapa tunaambiwa.

Si kwamba iko peke yake. Longman ya wanafunzi, iliyotoka mara ya kwanza 1978, inajulikana kwa kufafanua maneno yake kwa msamiati wa maneno kama 2,000 tu, kwa hiyo hutakwama kwenye maelezo yenyewe. COBUILD ya Collins ya 1987, iliyoongozwa na John Sinclair wa Birmingham, inafafanua kwa sentensi nzima, inaanza kabisa na If you, kwa hiyo kitenzi unakiona kikiwa kazini ndani ya maelezo. Hiyo kwa vitenzi kama contextualize ni njia nzuri sana na kama ningepata nakala yake safi ningeiweka kaunta pamoja na Oxford. Na kamusi ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ya Kiingereza-Kiswahili, iliyotoka 1996 na kurudiwa baadaye, mi siiachi, maana kuna wakati mtu anahitaji neno la Kiswahili la haraka na hakuna ubishi. Watu wanaziuliza kama vile lazima uchague moja. Hazifanyi kazi moja, ya lugha mbili inakufikisha mlangoni, hii ya Oxford inakuingiza ndani.

Jambo la mwisho kuhusu neno lenyewe kabla sijaenda kwenye bei. Kuna orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoitoa Averil Coxhead mwaka 2000, familia 570 za maneno yanayojirudia kwenye maandishi ya vyuo vikuu, na context iko kwenye kundi la kwanza kabisa, lile la yanayotokea sana, na contextualise imo humo ndani ya familia yake. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema hili neno ni la kuringia tu la maprofesa, hapana, atakutana nalo kila mahali, bora alimalize mapema. Lenyewe limetoka kwenye Kilatini, kwenye kitenzi cha kufuma pamoja, na Merriam-Webster wanaweka matumizi ya kwanza wanayoyajua ya contextualize kwenye 1934, kwa hiyo kwa umri wa maneno ni changa.

Sasa kununua. Kitabu ni kizito, hilo lijulikane, si cha kubeba kwenye begi kila siku kutoka Ipuli mpaka mjini kwa miguu. Maandishi ni madogo, mwenye macho ya umri wangu atataka mwanga mzuri. Bei ya mpya ni ya kukaa chini na kufikiria, na hapo ndo watu wanakimbilia mtumba au zile kopi za kudurufu. Mtumba hauna shida, hata toleo la saba au la nane linakufaa kabisa kwa maneno ya namna hii, contextualize haijabadilika. Hizo za kudurufu ndo uwe makini. Nilishanunua moja kwa mchuuzi fulani, nje inang'aa, ndani wino umefifia, alama za matamshi hazisomeki na kurasa za herufi fulani zimerudiwa huku nyingine hazipo kabisa. Usilipe kabla hujaifungua. Fungua katikati, angalia kurasa zinafuatana, angalia kama zile herufi nzito za mifumo ya vitenzi zinaonekana, nenda kwenye C utafute context na majirani zake. Vikisomeka hivyo, lipa.

Na kama ni kwa ajili ya mtoto wa fomu wani, usimnunulie hii bado, mzazi mwenzangu. Itamtisha, ataiweka kabatini. Mnunulie ndogo yenye picha na mifano mifupi pamoja na ya TUKI, hii nene mpatie akifika fomu faivu, pale anapoanza kuandika insha ndefu za historia na jiografia na kuambiwa aeleze jambo limetokea katika mazingira gani.